Bibi Tabibu Aliyewauliza Mama wa Watoto: Maisha ya Daktari Cicely Williams

Katika kikao chetu cha kusoma hapa Siakago tumezoea kueleza maisha ya watu waliotangulia, wenye ilimu na wenye vitendo. Safari hii tumekusudia kueleza maisha ya bibi mmoja tabibu, naye si wa dini yetu wala si wa nchi yetu. Huenda msomaji akastaajabu na kutuuliza kama tumeishiwa na wetu. Hatukuishiwa. Abu Bakr al-Razi, aliyezaliwa mji wa Rayy na akawa mkubwa wa hospitali huko na Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ndiye aliyeandika kwa uwazi tofauti ya ndui na surua, na kijitabu chake cha maradhi ya watoto kilisomwa Ulaya kwa Kilatini muda wa karne nyingi. Yeye ana siku yake, in shaa Allah. Lakini lililotusukuma safari hii ni jambo lililotokea jirani na milango yetu wenyewe, na kwa jambo hilo hatukumpata wa kumsoma aliye bora kuliko bibi huyu.

Jambo lenyewe ni hili. Mama mmoja katika majirani zetu alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Mtoto alivimba miguu na uso, nywele zake zikawa nyekundu na kung'oka upesi, akawa hacheki wala hachezi. Majirani wakasema ni mnene. Mama alijua kuwa si unene, akamchukua zahanati moja, wala hatutaitaja. Huko alikemewa mbele ya foleni nzima, akaambiwa kuwa yeye hajui kulea, kuwa kazi yake ni kuzaa tu, maana tumboni alikuwa na mwingine. Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka bila dawa wala ushauri, akakaa naye nyumbani wiki tatu mlango ukiwa umefungwa. Mama huyo hakukosa mapenzi kwa mwanawe. Alichokosa ni mtu wa kumwamini.

Sasa na tumrudie bibi wetu.

Cicely Delphine Williams alizaliwa tarehe 2 Disemba 1893 katika kisiwa cha Jamaika, mahali paitwapo Kew Park, katika jamaa ya wenye mashamba wenye asili ya Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, na baadaye akawa mkuu wa idara ya elimu ya kisiwa kile. Alipofika miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma, kisha akarejea kwao kuwasaidia wazazi wake baada ya nchi kupatwa na misiba ya tetemeko la ardhi na tufani. Baba yake alikufa mwaka 1916. Ndipo binti akasafiri tena kwenda Oxford, katika chuo cha Somerville, kusoma utabibu. Wakati ule Vita Kuu vilikuwa vimewachukua vijana wa kiume, na nafasi katika madarasa ya utabibu zikawa wazi, hata wanawake wachache wakafunguliwa mlango ambao hapo kabla ulikuwa umekomewa. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1923 na umri wake unakaribia miaka 30.

Alifanya kazi katika hospitali ya watoto upande wa mashariki wa London, mahali pa watu maskini. Huko ndiko alikopata fikra iliyomwongoza maisha yake yote: kwamba daktari hawezi kumtibu mtoto ikiwa haijui nyumba aliyotoka, chakula kinachopikwa humo, na mtu anayekipika. Leo maneno haya yaonekana mepesi. Zama zile mtoto alilazwa kitandani peke yake, na mama akaruhusiwa kumtazama kwa saa zilizopangwa, kama mtu aendaye kumtazama mfungwa. Vita vilipokwisha madaktari wanaume walirejea, na kazi za wanawake zikawa haba. Alikaa Ugiriki kwa muda, akarudi kusoma maradhi ya nchi za joto, akaomba kazi katika serikali ya makoloni. Mwaka 1929 akapelekwa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, akawa daktari mwanamke, na mshahara wake ukiwa chini ya wa daktari mwanamume.

Katika mji wa Accra ilikuwako hospitali ya watoto iliyopewa jina la Princess Marie Louise, na huko ndiko alikofanya kazi iliyomtangaza. Alianza na mambo yasiyokuwa na fahari. Aliweka karatasi za habari za kila mtoto, akawa anapima uzani, akawafundisha wauguzi wenyeji, akawatuma majumbani na mwenyewe akaenda. Aliwapokea watoto wazima na wagonjwa mahali pamoja, kwani aliona ni upuuzi kumwambia mama aje siku moja mtoto apate kinga, na siku nyingine aende mlango mwingine mtoto apate dawa. Sisi tukaao Mbeere, ambako mama huweza kutembea nusu ya siku juani ili afike kituoni, twaelewa maana ya jambo hilo bila ya kuelezwa.

Katika watoto waliokuja aliona kundi moja lililomfadhaisha. Walikuwa wa umri wa baina ya mwaka mmoja na miaka minne. Miguu na mikono imevimba, ngozi imekuwa nyeusi mahali mahali na kubanduka kama iliyoungua, nywele zimepoteza rangi, na mtoto mwenyewe hana furaha wala hamu ya chakula. Wengi walikufa. Vitabu alivyokuja navyo havikumwambia ni maradhi gani. Madaktari wenzake wengine walisema ni tegu, wengine wakasema ni kaswende, wengine wakasema ni pelagra, ugonjwa wa watu wazima walao mahindi matupu.

Basi akafanya jambo ambalo, kwa kadiri ya ada za wakoloni zama zile, lilikuwa ni la ajabu. Aliwauliza wauguzi na mama wa watoto wale: ninyi ugonjwa huu mwauitaje? Wakamjibu kuwa kwa lugha yao ya Kiga huitwa kwashiorkor. Akauliza maana yake, akaambiwa kuwa ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake, mtoto mkubwa, pindi mdogo wake azaliwapo.

Na tusimame hapa kidogo. Katika jina lile moja walikuwamo wote: mama aliyeshika mimba mpya, maziwa yaliyokatika, mtoto aliyeshushwa kifuani na kuachiwa uji wa mahindi na mkate wa mahindi yaliyochachushwa, na huzuni ya yule aliyekuwa wa kwanza kisha akawa wa pili. Mama wa Accra walikuwa wamekwisha jua wakati ugonjwa unapoanza, na mtoto gani huukamata, na katika hali gani ya nyumba. Hawakujua tu ni kitu gani mwilini kilichopungua. Bibi Williams aliyachukua maneno yao kuwa ni ushahidi, akaujenga uchunguzi wake juu yake. Mwaka 1933 aliandika katika jarida la madaktari wa watoto la Uingereza kuwa ni ugonjwa wa chakula, unaofuatana na kulishwa mahindi, na mwaka 1935 akaandika tena katika jarida la Lancet akiutaja kwa jina lake la Kiga. Hakulibadilisha kwa Kilatini, wala hakuuita kwa jina lake mwenyewe kama madaktari wengi walivyopenda kufanya. Ndiyo maana neno la mama wa Accra limeandikwa hata leo katika vitabu vya utabibu duniani kote.

Mabingwa wa London hawakumkubali. Walisema ni pelagra ile ile, na kwamba bibi huyu hajui anachokiona. Hata wakubwa wake huko Accra hawakupendezwa naye, na mwaka 1936 akahamishwa, akapelekwa Malaya, mbali na ugonjwa alioukuta na watu aliokuwa amezoeana nao.

Turejee kwetu. Jambo walilolijua mama wa Accra lilijulikana pia Afrika Mashariki. Waganda waliuita ugonjwa huu obwosi, wakaunasibisha na mimba mpya ya mama. Watu wa pwani na Tanganyika husema mtoto amebemendwa, yaani wazazi wake wamekutana kabla ya wakati wake, au mmoja wao amekwenda nje ya nyumba. Maneno haya yana chembe ya ukweli, nayo ni kuwa mimba ya haraka humdhuru mtoto aliyeko kifuani kwa kumkatisha maziwa. Lakini humo ndimo ilimoingia sumu. Mtoto aliyebemendwa huwa ni ushahidi wa aibu, na aibu hufichwa. Mtoto akafichwa pamoja nayo, mpaka uvimbe umpande usoni. Kitabu chetu kimekwisha weka miaka miwili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na kikaagiza kuwa kumwachisha mtoto kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Msomaji na atazame ni baba wangapi kwetu wanaoshauriana juu ya jambo hilo, na ni wangapi wanaolaumu baadaye.

Huko Malaya na Singapore Bibi Williams alikuta msiba wa namna nyingine. Makampuni ya maziwa yalikuwa yakiwatuma wanawake waliovaa mavazi meupe mfano wa wauguzi, wakaingia katika nyumba za maskini na kuwashawishi mama waache kunyonyesha, wawape watoto maziwa mazito ya mkebe yaliyotiwa sukari. Vazi lile jeupe ndilo lililofanya kazi. Watu wamefundishwa kuliamini, na wafanyabiashara wakaiba imani ile. Mama alipokwisha kuacha, maziwa yake yalikauka, na fedha za kununua mkebe wa pili hazikuwako. Maji yakaongezwa, na chupa haikuchemshwa. Mwaka 1939 alialikwa kuhutubu mbele ya wakubwa na matajiri wa klabu ya Rotary ya Singapore. Hotuba yake aliipa jina la Maziwa na Mauaji, na hakuificha maana: alisema kuwa vifo vya watoto wale vyapasa kuhesabiwa kuwa ni mauaji. Hatuna habari ya kikao kingine cha chakula na heshima kilichoelezwa ukweli kwa namna ile. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya mkutano mkuu wa Shirika la Afya Ulimwenguni kupitisha, mwaka 1981, kanuni za kuzuia biashara ya namna hiyo, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012.

Vita vya pili vilimkuta Terengganu. Wajapani walipoingia alikimbia kwa shida mpaka Singapore, na mji ulipoanguka Februari 1942 akafungwa Changi pamoja na maelfu ya raia. Wanawake wa kambi walimchagua kuwa mkubwa wao. Mwaka 1943 polisi wa kijeshi wa Japani walimchukua, wakamweka miezi kadhaa katika chumba kidogo cha mahabusi pamoja na wanaume, wengine wakiteswa na kufa mbele yake. Alitoka akiwa mifupa mitupu. Juu ya hayo aliendelea kuandika habari za chakula na afya za wafungwa wenziwe. Walizaliwa watoto 20 katika kambi ile. Wote 20 walinyonyeshwa na mama waliokuwa na njaa, na wote 20 walipona. Habari hii aliipenda kuisimulia katika uzee wake.

Mwaka 1948 Shirika la Afya Ulimwenguni, lililokuwa ndiyo kwanza limeundwa, lilimfanya mkuu wake wa kwanza wa afya ya mama na mtoto huko Geneva. Wakati ule jina la kwashiorkor lilikuwa limekwisha kubaliwa, na mwaka 1952 wajumbe wawili, Brock na Autret, walitoa taarifa baada ya kuzunguka nchi nyingi za Afrika, wakauonyesha ugonjwa huo kuwa umeenea mno. Tangu hapo palipita wakati ambao ulimwengu ulidhani kuwa upungufu wa protini peke yake ndio sababu. Mpaka leo wenye ilimu hiyo hawajakubaliana juu ya sababu zake zote.

Hapa yatupasa kutaja Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Daktari Hugh Trowell, aliyekuja Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Uganda mwaka 1935, aliuchunguza ugonjwa huu miaka mingi, na mwaka 1954 akatoa kitabu juu yake pamoja na madaktari Davies na Dean. Ilimu iliongezeka. Lakini katika kuitafuta ilimu ile watoto walidungwa sindano, wakachukuliwa damu mara kwa mara, na wengine wakachukuliwa kipande kidogo cha ini ili kipimwe. Wazazi walimwona mtoto wao dhaifu, damu yake yatolewa, kisha akafa. Wakafikiri kama ambavyo mzazi yeyote angefikiri. Wengine waliwachukua watoto wao usiku wakaenda zao, na wengine hawakuwaleta kabisa. Madaktari wale walikuwa na nia njema, wala hatusemi kinyume. Lakini nia ya daktari haionekani kwa macho, na sindano yaonekana.

Dawa ya jambo hilo ilipatikana mwaka 1965, palipofunguliwa huko huko Mulago nyumba ya kuwalisha watoto, ikaitwa Mwanamugimu, kutokana na methali ya Waganda juu ya mtoto mwenye afya na malezi ya mama yake. Humo mama hakufukuzwa saa za kutazama wagonjwa zilipokwisha. Alikaa na mwanawe, akapika mwenyewe kwa vyombo alivyovizoea, akachanganya ndizi na maharagwe, karanga au samaki, chakula kiitwacho kitobero, akamlisha kwa mkono wake. Aliuona uvimbe ukishuka siku baada ya siku. Akarejea kwao akijua kuwa mwanawe amepona kwa chakula kilichomo shambani mwake, na jirani zake wakamsadiki yeye kabla ya kumsadiki daktari yeyote.

Bibi Williams hakuwa katika walioifungua nyumba ile, lakini fikra zake zilikuwamo. Daktari Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa utabibu wa watoto Makerere katika miaka ile ya 1960, alikuja kuandika naye kitabu juu ya kuwafikishia mama na watoto huduma za afya, kilichotoka mwaka 1972. Naye bibi katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1960 alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Wamarekani cha Beirut. Hakuolewa wala hakuzaa. Alisafiri na kufundisha mpaka uzee ulipomkamata, akafa Oxford tarehe 13 Julai 1992, umri wake miaka 98.

Si kila alilolishika lilikuwa la upole. Walioishi naye wamesema alikuwa mkali wa maneno kwa wakubwa wenziwe, na hilo lilimgharimu kazi zaidi ya mara moja. Lakini ukali wake aliupeleka juu, kwa wenye vyeo na wenye makampuni. Hili twaliona kuwa ni la kuangaliwa, kwa sababu kwetu mara nyingi ukali huteremka, ukamwangukia yule aliyekuja na mtoto mgongoni.

Wasomaji wetu wa huku chini ya Embu wanajua kuwa ardhi yetu kavu huota ndengu, kunde, mbaazi, mtama na uwele, na mbuzi hawakosekani. Ila kila msimu twaona mafungu mengi yauzwa sokoni, na nyumbani hubaki uji wa mahindi. Wajue pia kuwa kunde peke yake hazimtibu mtoto aliyekwisha kuvimba. Mtoto wa namna hiyo abonyezwe kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, ahesabu mpaka tatu. Kikibaki kishimo apelekwe hospitali siku ile ile, kwani huko hupewa maziwa maalumu kidogo kidogo na dawa za kuzuia maambukizo, na kumlisha kwa wingi ghafula huweza kumwua. Wale wahudumu wa afya wazungukao vijijini wanao utepe wa kupimia mkono. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, utepe ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, hakuna la kungojea.

Ama mama tuliyemtaja mwanzo, bibi mmoja mzee katika jamaa zetu alikwenda kwake jioni, akakaa naye jikoni, akamsaidia kupepeta ndengu, wala hakumwuliza habari za mtoto. Siku ya pili akarudi. Siku ya tatu mama mwenyewe akamfunua mtoto akamwonyesha. Walikwenda hospitali pamoja, na muuguzi aliyewapokea alimwuliza kwanza jina la mtoto, kisha akamwuliza mama yeye aonavyo ni nini kilichomsibu. Mama akaeleza tangu siku mtoto alipoacha ziwa. Alikaa naye wodini siku 19. Mdogo wake amezaliwa mwezi uliopita, na mkubwa sasa anakimbia, ila bado hapendi kumwona mwenziwe akinyonya.